Ustadh Aliyeinama Peke Yake

Kama gazeti la wiki jana lilifungia mtu mandazi kabla hujalisoma, usijali. Nakurudisha haraka.

Jina langu ni Shem. Baba yangu ni mzee wa kanisa kule Kaimosi. Nilikuja Birmingham kusoma historia. Miaka miwili nilisoma kweli, wa tatu nikaumalizia kwa karata na vichekesho katika nyumba ya wanafunzi Selly Oak, mpaka chuo kikanichoka.

Ndipo, kwa mzaha tu, nikamwambia Shantilal mwenye ofisi ya safari pale Soho Road kwamba naitwa Ustadh Shamte, mzaliwa wa Lamu. Alikuwa anatafuta mtu wa kutembeza wazee kwenye miji ya zamani ya Kiislamu. Awe anajua historia, Kiswahili na dini. Viwili nilikuwa navyo.

Agosti 1975 tukaondoka na basi. Mimi, dereva wetu Gurdev, ambaye ni Kalasinga wa Kisumu, na Waislamu kumi na mmoja, Wahindi wa Nairobi na Kampala ambao sasa ni watu wa Birmingham. Istanbul, Konya, Dameski, Baghdad, Isfahan, mpaka jangwa la Yazd. Kila saa ya sala nilijipa kazi: pasipoti, petroli, hoteli. Nikikosa kazi nilijificha safu ya nyuma. Wakiinama, nainama. Wakisujudu, nasujudu.

Halafu Mzee Rehmat akafa. Asubuhi, jangwani, kwenye kiti namba tano, bado ameshika chupa ya maji.

Mke wake, Mama Gulshan, akanishika mkono. "Ustadh, wewe ndiyo nasalia yeye. Alikuwa napenda wewe."

Nikasimama mbele ya maiti. Nikapiga takbira. Nikainama.

Sala ya maiti haina kuinama. Mtoto wa madrasa anajua. Mtoto wa mzee wa kanisa hajui.

Nyuma yangu wanaume wote walibaki wima. Nikanyanyuka, nikasingizia tumbo, wakanihurumia. Tukamaliza, tukamzika, tukarudi Uingereza. Lakini Gurdev alikuwa amepanda juu ya paa la basi na kamera.

Nilikuacha pale barua ilipoanguka mlangoni pangu Selly Oak, mwandiko wa Mzee Nazir, ndugu yake Mama Gulshan: "Jumapili saa nane mchana kuja kwangu Hodge Hill. Tunaona picha ya safari. Apa nataka kuona janaza ya mzee."

Janaza ndiyo maziko, na Apa ndiyo dada mkubwa. Na dada mkubwa mwenyewe ndiye mjane.

Nikaikunja barua, nikaifukia chini ya godoro.

Unajua, miezi minne na siku kumi nilikuwa nalala vizuri. Nilidhani zile picha zimesahauliwa. Kumbe nilikuwa nalindwa na eda! Mama Gulshan alikuwa ndani, anamlilia mumewe, hakuna wageni, hakuna mikusanyiko. Eda ikaisha Alhamisi. Kitu cha kwanza alichoomba ni picha. Siku ya maziko wanawake walibaki ndani ya basi. Yeye hakuona sala wala kaburi.

Ijumaa nikapanda basi mpaka Handsworth. Nikamkuta Gurdev nyuma ya nyumba yake, kichwa ndani ya injini, kilemba kimefunikwa na mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua.

"Sardarji! Zile slaidi za jangwani zilitoka?"

"Zimetoka kabisa, boss! Themanini. Trei imejaa."

"Na ile ya... ya kumsalia mzee?"

Akatoa kichwa nje, anacheka mpaka ndevu zinacheza.

"Ile umeinama? Boss, hiyo ndio nzuri kuliko zote! Watu wote wamesimama kama nguzo za simu, wewe peke yako umeinama mbele ya Mungu. Mimi si Mwislamu, lakini nilisikia baridi mgongoni."

Mimi pia nikaisikia, hapo hapo.

"Nipe hiyo, Gurdev."

"Kwa nini?"

"Sikupenda sura yangu."

"Sura haionekani. Yanaonekana makalio."

"Gurdev, ndugu yangu, nakuomba."

Akaacha kucheka. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mama amesema anataka yote, moja mpaka themanini. Nimemwahidi. Mimi nikiahidi mjane, boss, hata mkubwa wa dini hanibadilishi."

Kwa hiyo ilibaki njia moja. Kuiba.

Jumapili niliwahi nusu saa. Barabara za Hodge Hill zilikuwa na barafu, nyumba zote pacha, mapazia yote meupe, na mimi natembea kama mtu anayejipeleka mwenyewe kituo cha polisi. Mzee Nazir akafungua mlango. Alikuwa fundi wa reli Nairobi miaka thelathini, na mpaka leo anaongea kana kwamba injini inapita.

"Arre, Ustadh! Kuja, kuja ndani! Baridi nakula wewe! Mbona iko konda hivi, nani napika kwako?"

"Najipikia, mzee."

"Ndiyo maana! Kaa. Mimi naona sambusa."

Sebuleni walikuwa wameshatundika shuka jeupe ukutani. Pazia limefungwa. Moto wa makaa unawaka. Projekta iko juu ya meza, na Gurdev yuko chini ya meza.

"Nyumba ya mwaka gani hii?" alikuwa analalamika. "Soketi ya matundu duara! Mimi nina plagi ya mraba. Boss, ngoja, iko nyingine kwenye gari."

Akatoka.

Nikabaki mimi na trei.

Karatasi ya Gurdev ilikuwa pale pale, namba moja mpaka themanini, kila picha na maelezo yake. Nikaichukua. Yote ameandika Kipunjabi! Herufi zinaning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Hata moja sikuijua.

Basi, kwa macho. Nikaanza kuchomoa slaidi na kuzitazama kwenye ufa wa pazia. Hamsini na tano: kijiji cha karibu na tulipomzika mzee, nyumba za udongo. Hamsini na sita: mulla, yaani shehe, wa kile kijiji na kilemba chake. Nje nikasikia mlango wa gari unafungwa. Nikaruka, nikachomoa nyingine haraka. Picha zile huwekwa kichwa chini miguu juu, na kila mtu ni mdogo kama punje ya mchele. Nikaona jangwa. Nikaona watu wamesimama. Nikaona mmoja ameinama.

Hiyo! Nikaitia mfuko wa koti.

Gurdev akaingia na plagi. Nilikuwa nimeshakaa, nimeweka mguu juu ya mguu, naangalia shuka tupu kama mtu anayelipenda.

Kwa dakika tano nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Birmingham.

Kisha Mzee Nazir akarudi na mgeni. Kanzu, koti refu jeusi, ndevu nyeupe, macho ambayo hayapepesi.

"Ustadh, huyu Maulvi Sahib. Iko fundisha madrasa Small Heath. Zamani Tanga, miaka kumi na mbili. Mimi nasema kwake, sisi iko na ustadh kijana kutoka Lamu, lazima mnaonana."

Miaka kumi na mbili Tanga! Yule mzee akafungua mdomo, na Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko changu mara mia.

"Nimefurahi kukuona, Ustadh. Lamu mtaa gani?"

"Mkomani."

"Mkomani kwa nani?"

Nikatia sambusa nzima mdomoni. Ndiyo kwanza ilitoka kwenye mafuta. Machozi yakanitoka, ya kweli, na Maulvi akangoja kwa adabu nimalize kutafuna. Sikumaliza.

Niliokolewa na Mama Gulshan. Aliingia na shali nyeupe, amekonda, akavuta kiti mpaka karibu kabisa na shuka.

"Anza," akasema.

Gurdev akazima taa.

Konya. Kuba la kijani-buluu kwenye anga. "Eleza, Ustadh," Mzee Nazir akasema, na mimi nikaeleza. Masultani, tarehe, mafundi, nani alijenga nini. Historia sikuwahi kudanganya. Maulvi akauliza maswali mawili magumu na yote mawili nikayajibu. Nikamwona anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Dameski. Lile soko lenye paa la bati, matundu yake yanapitisha jua kama nyota.

"Simamisha!" Mama Gulshan akasema. "Yule pale. Huyo nani?"

Alikuwa Mzee Rehmat, pembeni, na bakuli la aiskrimu.

"Ona! Mimi iko duka ya vitambaa, yeye nakula aiskrimu! Na sukari iko kwa damu!"

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akajifuta macho na ncha ya shali.

Kila picha alimtafuta. Isfahan, kwenye lile daraja la matao, mzee amelala kivulini na viatu vimewekwa chini ya kichwa. Yazd, chini ya minara mirefu ya kukamatia upepo, mzee ameelekeza uso juu, kinywa wazi, anakula upepo.

"Alisema nini pale?" Mama akaniuliza.

"Alisema, mama, mnara kama huu ungejengwa Hodge Hill ungeleta nyumonia."

Chumba kizima kikacheka, mimi wa kwanza. Nilikuwa nimeanza kujisikia. Slaidi iko mfukoni, moto uko karibu, nikipata nafasi naichoma, na hakuna mtu duniani atakayejua.

Hamsini na tano. Kijiji.

Hamsini na sita. Mulla.

"Huyu alitaka kumsalia mzee," Mzee Nazir akamwambia Maulvi. "Mtu mzuri sana. Sisi nasema asante, sisi iko na ustadh wetu."

Klak.

Nilikuwa nacheka bado. Kicheko kikaganda.

Shuka lote nilikuwa mimi.

Jua la asubuhi lilikuwa nyuma yetu, vivuli vimeanguka mbele, virefu, vimenyooka kama fito. Sita vya watu waliosimama. Na mbele yao kimoja kifupi, kimepinda kama kigoda. Mgongo wangu sawa kama meza. Mikono juu ya magoti, vidole vimepanuliwa vizuri. Hata mulla wa kijiji alikuwa pembeni, mkono umefunika mdomo.

Sasa mfukoni nina nini?

Moto ulilia tu.

"Hii ni sala gani?" Maulvi akauliza.

"Ya mzee," Nazir akasema. "Sala ya maiti."

"Mbona imamu amerukuu?"

"Ah, hapana, Maulvi Sahib! Tumbo! Ustadh alikuwa na tumbo. Sisi wote ilikuwa na tumbo, ile nyama ya Yazd. Maskini, alitaka kuanguka lakini namaliza sala. Mimi mwenyewe nashuhudia."

Alinitetea kwa nguvu zote, yule mzee. Kila neno lilinichoma kuliko ile sambusa.

Maulvi akainuka. Akasogea mpaka kwenye shuka, picha ikamwangukia mgongoni, jangwa lote likawa juu ya koti lake. Akaweka kidole kwenye mikono yangu.

"Mtu wa tumbo hushika tumbo. Huyu ameshika magoti." Akageuka, mwanga ukampiga usoni, hakupepesa. "Ustadh. Takbira za sala ya maiti ni ngapi, na baada ya ile ya kwanza husomwa nini?"

Jasho likatoka mahali ambapo sikujua mtu hutoka jasho.

"Baada," Mama Gulshan akasema. "Hiyo maneno baada. Kwanza mimi naona kaburi. Gurdev, weka kaburi."

Klak.

Mwanga mtupu. Shuka jeupe, jeupe mpaka tukafumba macho.

"Kaburi iko wapi?"

Gurdev akapiga trei. Akapiga tena. "Ilikuwa hapa! Nimeweka kwa mkono wangu!" Akawasha taa, akashika karatasi yake, akasoma kwa sauti: "Hamsini na saba, sala. Hamsini na nane, kaburi, Nazir ameinama anatia udongo, wengine wamesimama."

Ameinama anatia udongo.

Nilikuwa nimeiba kaburi.

"Picha iko ngapi ya kaburi?" Mama akauliza.

"Moja tu, mama. Filamu ilikuwa inaisha."

"Moja?"

Hapo wakaanza kutafuta. Nazir akanyanyua mito ya kochi. Gurdev akamwaga sanduku zima mezani. Maulvi mwenyewe akainama kutazama chini ya kabati. Na nikwambie ukweli, maana nimeapa kukwambia ukweli wiki hizi zote: nilifurahi. Ndiyo. Hakuna aliyekuwa ananiuliza habari za magoti. Picha isipopatikana, watahuzunika, watakunywa chai, nitaaga. Moto ulikuwa hatua mbili. Kitu chenyewe kidogo kama biskuti. Mtu ajifanye anaota joto, basi.

Nikasimama. Nikasogea kwenye moto. Mkono ukaingia mfukoni.

Kitu kikanigusa soksi.

Mama Gulshan alikuwa amepiga magoti kwenye zulia. Shali imemwanguka. Anapapasa sakafu kwa viganja, polepole, kama mtu anayetafuta sindano. Hakuniangalia hata.

"Inua mguu, beta," akasema. "Labda iko chini."

Beta, yaani mwanangu.

Nikainua mguu. Chini hapakuwa na kitu. Akasema asante, akaendelea kupapasa.

Mkono ukatoka wenyewe.

"Mama. Iko hapa."

Akaichukua kwa vidole viwili, akainua uso. Uso wake, jamani! Ulikuwa umejaa shukrani.

"Iliangukia wapi?"

Alinipa mlango, unaona? Ningesema tu, kwenye zulia. Lakini Mzee Nazir alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Apa, natoka kwa mfuko yake. Mimi naona na macho yangu."

"Niliiba," nikasema. "Nilidhani ni ile nyingine. Ile ya magoti."

"Kwa nini?" Nazir akauliza. Sauti ya injini ilikuwa imekwisha, alinong'ona.

"Kwa sababu sikuwa na tumbo, mzee."

Maulvi akanisogelea. "Wewe ni nani?"

"Naitwa Shem. Lamu sijafika. Baba yangu ni mzee wa kanisa Kaimosi. Siku ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona sala ya maiti, na nilikuwa mbele."

"Wahe Guru," Gurdev akasema, akakaa chini bila kutafuta kiti.

Nilingoja kofi. Nilingoja kelele. Mama Gulshan alikuwa bado chini kwenye zulia, slaidi kifuani. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia Maulvi.

"Kama imamu si Mwislamu, basi mzee yangu iko kule bila kusaliwa? Miezi minne na siku kumi mimi nakaa ndani naomba dua, yeye iko kule peke yake, hakuna mtu amesalia yeye?"

Maulvi, aliyekuwa na maswali yote, akatazama chini.

Hapo Mzee Nazir akanijia. Ngumi ile ilikuwa imekaza nati za treni miaka thelathini. Nikafumba macho.

"Nazir, kaa!"

Sikujua mwanamke mdogo vile ana sauti kubwa vile. Nazir akasimama mkono ukiwa hewani. Mama akajiinua, akampa Gurdev ile slaidi.

"Weka. Zima taa."

Klak.

Udongo wa kahawia, mawe mawili. Nazir ameinama, ngumi imejaa mchanga. Nyuma yao jangwa, halafu jangwa tena, mpaka mwisho wa macho.

Mama akasogea. Akaweka kiganja kwenye shuka, juu ya lile tuta. Shuka likatikisika na kaburi likatikisika. Akabaki vile. Hakulia. Nilimsikia anahesabu kitu kwa Kipunjabi, labda mawe, labda siku.

Nikatazama mlango. Hatua tatu. Koti nimevaa, viatu viko hapo nje kidogo, kituo cha basi kiko kona. Gurdev aliniona natazama. Hakusogea, lakini alitikisa kichwa, mara moja tu: usifanye.

"Nazir," Mama Gulshan akasema, bila kugeuka, kiganja bado kiko kaburini. "Funga mlango na ufunguo. Ufunguo lete kwangu."

Nikausikia unazunguka. Nikasikia miguu ya Nazir inapita nyuma yangu, na ufunguo unawekwa kwenye mkono wake.

Ndipo akageuka. Picha ikamfunika, jangwa likawa usoni kwake, na macho yake sikuyaona tena.

"Sasa, Shem," akasema. "Kuja simama hapa mbele."